Sogea Wewe, Usisogeze Kitu

Gharib Isihaka alikuwa na kanuni moja ya kupiga picha, na aliisema kwa maneno manne: sogea wewe, usisogeze kitu.

Maana yake ni hii. Ukikuta ndoo mbele ya mlango unaotaka kuupiga picha, ndoo ibaki. Kama inakukera, zunguka upande wa pili, chuchumaa, panda juu ya jiwe, au rudi kesho. Ndoo haikuwekwa pale kwa ajili yako, na huna haki ya kuiondoa halafu ukawaonyesha watu picha ukisema, hivi ndivyo nilivyokuta.

Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa ya mchezo, kwa kuwa ilihusu mchezo: watu wazima wenye simu, wanaopiga picha sufuria na migomba na kuonyeshana. Lakini uongo haupimwi kwa ukubwa wa jambo unalolihusu. Aliyezoea kuondoa ndoo atazoea kuondoa na kingine. Gharib alilijua hilo kwa sababu ya picha iliyokuwa ukutani kwao tangu alipokuwa mtoto.

Ilikuwa picha ya baba yake, iliyopigwa studio huko Bukoba. Mzee Isihaka amesimama wima, amevaa koti la mabega mapana, ana saa ya chuma mkononi, na kando yake juu ya kistuli kuna redio kubwa ya mbao. Koti lilikuwa la mpiga picha. Saa ilikuwa ya mpiga picha, na redio pia. Mzee mwenyewe alikuwa akitembeza vitambaa kwa baiskeli vijijini, na alikufa bila kumiliki redio. Miaka mingi baadaye, Tariq, mtoto wa pekee wa Gharib, alipokuwa mdogo alishinda akiitafuta redio hiyo stoo, chini ya marobota. Gharib akamweleza ukweli. Mtoto akarudi ukutani, akaitazama picha tena, kisha akauliza, "Sasa na huyu ni babu kweli?"

Gharib hakulisahau swali hilo.

Duka lake lipo Kihanga, wilayani Karagwe. Anauza vitenge, khanga na sare za shule, na barazani kuna cherehani mbili. Babu yake alitoka Pangani na mzigo wa kaniki, akaoa huku, akazikwa huku, na leo Gharib akikasirika hukasirika kwa Kinyambo. Alianza kupiga picha akiwa mtu mzima mwenye mvi, Tariq alipohamia Mwanza na kumwachia simu yenye kamera nzuri. Alipiga alichokiona kutoka dukani: ukungu wa asubuhi uliolala mabondeni, mwanamke akishusha mkungu wa ndizi kichwani, mbuzi aliyelala kwenye ngazi za jirani kana kwamba amekodi. Picha hizo alimtumia rafiki yake Yustus, mkulima wa kahawa wa Ihembe na mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na Yustus akawa anamrudishia za shambani. Kisha msusi mmoja wa Kaisho, binti anayeitwa Ainembabazi, alikuja dukani kununua kitenge, akamkuta Gharib amepiga magoti akipiga picha kivuli cha cherehani.

"Shikamoo mzee. Umeangusha hela?"

"Marahaba. Nimeokota kivuli. Njoo uone."

Hivyo ndivyo lilivyoanza kundi la WhatsApp liitwalo Picha za Kwetu. Watu waliongezeka kidogo kidogo, wa Karagwe na wa Kyerwa. Kila mmoja alituma picha moja kwa wiki, ya jambo la kila siku, na ilimlazimu aseme ameipigaje, ili wenzake nao wajifunze. Humo watu walifundishana kugusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu na kulishusha lile jua dogo la mwangaza linalotokea pembeni, ili ngozi yetu isipauke ikawa kama imepakwa majivu. Walikumbushana kufuta lenzi kwa pindo la khanga na si kwa kidole chenye mafuta. Walijua kwamba jua la mchana linachoma uso wa mtu, kwa hiyo heri umsubiri akae mlangoni, nusu ndani nusu nje. Yustus ndiye aliyegundua kwamba kahawa iliyoanikwa hupendeza ukiipiga ukiwa umelala kifudifudi, na tangu hapo mashati yake yalijulikana kwa vumbi la kifuani.

Jumapili alasiri walioweza kufika walikutana barazani kwa Gharib, wakapitishiana simu mkono kwa mkono na kubishana.

"Mzee," Ainembabazi aliuliza siku moja, "kuku akijisogeza mwenyewe?"

"Kuku yuko kwao. Ana ruhusa."

"Na nikimrushia mtama akaja?"

"Hapo umemsogeza kuku."

"Na nikiwa najilia ugali wangu, makombo yakaniponyoka?"

"Waitu!" Yustus akapiga goti lake kwa kicheko. "Huyu binti mwacheni. Kesho atamletea kuku wakili."

Katikati ya mabishano hayo pazia la mlango wa ndani lilikuwa likisogea na Mwaja, mke wa Gharib, akitoka na kikapu kidogo chenye mfuniko. Katika nchi hii mgeni hapewi maneno matupu. Hupewa akamwani, kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa. Mwaja alizaliwa katika nyumba ya wenye maduka, lakini desturi hiyo aliijua kuliko wenye mashamba. Alimwendea kila mgeni, mkubwa kwanza, akakitoa kikapu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko cha kulia kwa heshima. Mgeni naye alipokea kwa mikono miwili. Kumpa mtu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana, na hakuna mtoto hapa asiyejua hilo.

"Tafuneni," alikuwa akisema, "mpate macho ya kuonea hizo picha zenu."

Yeye mwenyewe hakupenda kupigwa. Gharib akimwelekezea simu, Mwaja alijifunika uso kwa ushungi na kusema, "Piga migomba, haina haya." Picha yao ya harusi ilikuwa imeliwa na mchwa pamoja na fremu yake. Ilikuwepo ile ndogo tu ya kitambulisho cha taifa, ambayo haifanani na mtu yeyote.

Lazima sasa isimuliwe habari ya dumu la Yustus, kwa kuwa yaliyofuata yalianzia hapo.

Upepo mkali ulipita Ihembe na kulaza migomba. Asubuhi yake Yustus alituma picha. Shamba zima limelala chini, na katikati mgomba mmoja umesimama na mkungu wake, mwanga ukipenya chini ya wingu na kuugusa huo peke yake. Kisha sifa zikamiminika. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote zilizowahi kutumwa.

Gharib alilijua shamba lile. Pale chini ya mgomba ule kulikuwa siku zote na dumu la manjano lililokatwa, la kunyweshea ndama. Jumapili ilipofika akauliza mbele ya watu wote, "Yustus, dumu la ndama lilikuwa wapi?"

Yustus alijikuna shingo. "Nililiweka pembeni kidogo tu, Baba Tariq. Lilikuwa linang'aa mno."

"Basi hiyo si picha ya shamba lako. Ifute."

"Kwa ajili ya dumu?"

"Ifute, na kwenye simu yako pia. Na kila mtu aifute. Ndivyo tulivyokubaliana."

Ndivyo walivyokuwa wamekubaliana kweli. Picha iliyosogezewa kitu haiwekwi akiba. Yustus aliifuta pale pale. "Haya," akasema, akijaribu kucheka, "mgomba haukushindwa na upepo, umeshindwa na dumu." Kisha akainuka na kuondoka kabla ya kahawa kuzunguka, jambo ambalo mtu mzima halifanyi. Jumapili iliyofuata hakuja, wala nyingine baada ya hiyo. Katika kundi alibaki, lakini hakuandika neno.

Kuhusu dumu Gharib alikuwa sahihi. Hakuwa sahihi kulisema mbele ya watu, na alikosea zaidi kukaa Kihanga akisubiri aliyeumia ndiye arudi. Ihembe si mbali. Alimkosa rafiki yake kila Jumapili, akaitazama nafasi yake tupu kwenye benchi, na hakwenda.

Kisha Mwaja akaanguka. Alikuwa uani akianua nguo, na majirani waliposikia kapu la nguo likianguka walimkuta ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Hospitali walisema ni kiharusi. Maneno yalirudi, mdomo ukanyooka, mguu ukarudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa mapajani mwake kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa amshike kidogo, na Mwaja akaufunika kwa khanga.

Tangu hapo pazia halikusogea tena siku za Jumapili. Gharib mwenyewe ndiye aliyetoa kikapu. Watu wakimuulizia mkewe, alijibu, "Hajambo, amepumzika." Wakajua kwamba aliugua na amepata nafuu. Zaidi ya hapo hawakujua, na Gharib hakutaka wajue.

Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika muda huo huo. Gharib aliingia ndani kutoka dukani, simu mkononi, akamkuta Mwaja amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa nyuma. Uani kulikuwa na maji, na mwanga ulioruka kutoka kwenye maji hayo ulimjaa usoni kwa upole, bila kivuli. Mbele yake kulikuwa na kile kikapu. Alikuwa amekijaza mwenyewe, kwa mkono mmoja, na buni kadhaa zilikuwa zimemwagika kwenye mkeka.

Alipomwona mumewe alitabasamu, akakinyanyua kikapu kwa mkono wa kushoto na kumnyooshea kama anavyonyooshewa mgeni.

"Kaije waitu," akasema. "Karibu mgeni. Utanisamehe, mwenzake amelala."

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu augue. Gharib alisimama tu.

"Unatazama nini? Si una simu? Nipige basi, kabla sijaghairi."

Katika maisha yao yote pamoja hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Aliinua simu haraka. Mwanga ulikuwa tayari, uso ulikuwa tayari. Lakini kwenye kioo aliuona mkono wa kushoto, umenyooka mbele peke yake, na ule wa kulia umejificha chini ya khanga. Akaishusha simu. Akapiga magoti, akaufunua mkono wa kulia, akauleta mbele na kuuweka chini ya kikapu. Akavikunja vidole kimoja kimoja vishike. Akauchukua wa kushoto na kuuweka kwenye kiwiko, kama zamani. Mwaja alimtazama akifanya hayo yote. Gharib akarudi nyuma, akasogea kushoto kidogo, akapiga.

Aliituma kundini Jumapili.

Watu walifurahi kuliko walivyowahi kufurahia picha yoyote. Ainembabazi aliandika wa kwanza: "Mama yetu huyo! Amepona kabisa! Mzee, mwanga huo umeutoa wapi? Sema umeipigaje, kanuni ni kanuni."

Gharib alijibu: "Mlango wa nyuma, baada ya mvua. Nilishusha mwanga kidogo."

Hapakuwa na neno la uongo katika jibu hilo, na lilikuwa uongo.

Halafu, baada ya ukimya wa miezi, jina la Yustus likatokea. Aliandika hivi: "Baba Tariq, nimeitazama tangu nilipotoka kanisani. Nilikuwa na hasira na wewe. Sasa nimeelewa ulichonikatalia siku ile. Hapa hakuna kilichoguswa. Jumapili ijayo nakuja. Nataka nipokee kahawa kutoka kwenye mkono huo."

Gharib aliisoma akiwa amesimama nyuma ya meza ya duka. Mteja alikuwa akiuliza bei ya kitenge, akauliza tena, akakirudisha na kuondoka. Gharib akaingia ndani na kumsomea mkewe ujumbe ule.

Mwaja alisikiliza hadi mwisho. "Atakuja," akasema. "Na mimi nitampa kwa mkono upi?"

"Nitamwambia umelala."

"Nimelala Jumapili zote hizi. Nitalala hadi lini, Baba Tariq?"

"Watu wataona."

"Wataona nini?"

Gharib aliutazama mkono uliokuwa chini ya khanga.

"Lete hiyo simu." Alipewa, akaiweka mapajani, akaitazama picha kwa muda mrefu. Uso ulikuwa wake na mwanga ulikuwa mzuri. Lakini tabasamu halikuwa lile alilomkaribishia nalo. Lilikuwa la mtu anayevumilia jambo. Gharib, aliyeitazama picha hiyo wiki nzima, aliliona hapo kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilikuwa nimeshautoa wa kushoto," Mwaja akasema. "Nilikuwa nimeshaamua. Nikakwambia nipige. Wewe ndiye uliyeona haya." Alimrudishia simu. "Umenivika saa ya baba yako."

Alisema bila hasira, na labda hasira ingekuwa nafuu kwa Gharib. Gharib akakaa chini kwenye mkeka kando yake. Alijua lililokuwa mbele yake. Akinyamaza, Yustus atakuja kupokea kahawa kwa mkono usioweza kuitoa, na itabidi mlango ufungwe na maneno yatungwe, leo na Jumapili zote. Akisema, Kihanga nzima itajua kabla ya magharibi kile alichokifunika mkewe kwa khanga. Naye ndiye aliyemwaibisha rafiki yake mbele ya watu kwa ajili ya dumu.

"Nikisema, watajua wote," akasema.

"Basi sema vizuri."

Akaandika palepale, Mwaja akiwa anaangalia maneno yakitokea. "Ndugu zangu. Picha ya mke wangu niliyowatumia si ya kweli. Mkono wake wa kulia umepooza. Alikuwa ananipa kahawa kwa wa kushoto, nami nikamsogeza mikono ili aonekane kama zamani. Yeye hakuniomba, ni mimi. Nimeifuta. Namwomba kila aliyeipata aifute, na kwenye simu yake pia, kama tulivyokubaliana. Yustus, wewe ulisogeza dumu tu. Kuanzia leo msimamizi wa kundi ni Ainembabazi."

"Ongeza kwamba mwenye mkono anawasalimu," Mwaja akasema. Akaongeza.

Kisha akaifuta picha. Simu humuuliza mtu mara mbili kama kweli anataka kufuta. Alikubali mara zote mbili.

Jumapili iliyofuata baraza lilijaa. Yustus alikuja na mkungu wa ndizi begani, shati safi, bila vumbi. Yeye na Gharib walishikana mikono wakakaa hivyo kidogo.

"Ningekuja Ihembe," Gharib akasema. "Ilinipasa nije."

"Ilikupasa," Yustus akajibu. "Nilikuwa nakusubiri, mzee mzima. Hata mbwa alikuwa amechoka kuangalia njia."

Pazia likasogea. Mwaja alitoka taratibu, mguu ukiburuta, kikapu kikiwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulining'inia wazi, bila khanga. Alipita mbele ya wote hadi kwa Yustus, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kati ya wageni.

"Shemeji," akasema, "utanisamehe mkono."

Yustus alisimama. Alinyoosha mikono yake miwili na kupokea, akainamisha kichwa, akatia buni mdomoni na kutafuna. "Mkono nimeuona, Mama Tariq," akasema. "Kahawa ni ileile."

"Kahawa si ileile, shemeji. Nimeichemsha kwa mkono mmoja, ina chumvi ya jasho."

Baraza zima likaangua kicheko. Ainembabazi, machozi yakimtoka, aliinua simu bila kufikiri, kama anavyoinua kila siku. Mwaja akatikisa kichwa.

"Weka chini, binti yangu. Leo nitazameni kwa macho."

Jioni, wageni walipoondoka, Gharib alimwomba ampige tena, kama alivyo, na mkono wake wa kushoto.

"Si sasa," Mwaja akasema. "Nizoee kwanza. Bado ukinitazama unamtafuta yule wa zamani. Ukishamzoea huyu, nitakwambia."

Gharib akatii. Tangu siku hiyo alifunga duka mapema. Aliiweka simu juu ya rafu, akaja kukaa naye kwenye mlango wa nyuma. Walichagua maharage pamoja kwenye ungo mmoja. Alijifunza jinsi kidole gumba cha mkono wa kushoto kinavyojifunza kazi ya mwenzake, jinsi anavyokunja khanga kwa meno na kuifunga. Alijifunza kuunyoosha ule mkono wa kulia na kuukanda kwa mafuta ya nazi, akiushika wazi mlangoni bila kujali nani anapita. Mtu aliyekuwa akiutazama ulimwengu kwa kupima pembe na mwanga sasa alikaa na kumtazama mtu mmoja, na hakuna aliyemwona akichoka. Kundi liliendelea chini ya Ainembabazi, ambaye aliruhusu kuku kurushiwa mtama na kukataa mengine yote.

Katikati ya masika Mwaja alimgeukia na kusema, "Sasa umenizoea."

Gharib aliinuka kuifuata simu.

"Kaa chini. Unataka kunipiga na giza hili? Mwanga wa masika umefifia, hata mimi najua siku hizi, nimewasikiliza miaka mingi nyuma ya pazia. Mvua zikikatika utanipiga. Hapahapa mlangoni. Na huu wa kushoto mbele."

"Hewala," Gharib akasema.

Mvua hazikuwa zimekatika kiharusi kiliporudi. Kilimchukua asubuhi, wakati Gharib akimtengenezea chai. Alizikwa alasiri ya siku hiyo, udongo ukiwa mzito kwa maji, na miongoni mwa waliobeba maji na kuni na ndizi kwa ajili ya waombolezaji walikuwapo Yustus na nusu ya kwaya yake.

Matanga yalipokwisha na Tariq kurudi Mwanza, Gharib alipanda pikipiki kwenda Ihembe. Safari hii hakusubiri. Alimkuta Yustus akigeuza kahawa juani, wakaamkiana, na Gharib akainama kumsaidia.

"Ile picha," akasema hatimaye. "Niliyosema mfute. Nafikiri labda kwako ilibaki. Mtu husahau."

Yustus aliacha kugeuza. "Sikusahau, Baba Tariq. Niliifuta siku ileile."

"Ni sawa. Nilikuwa nauliza tu."

"Laiti ningeiiba siku ile, leo ningekupa."

Wakampigia Ainembabazi. Akajibu: "Mzee, nilijua utauliza. Nimetafuta jana na juzi, hadi kwenye simu yangu ya zamani. Niliifuta. Ulituambia." Akawauliza wengine kundini, mmoja mmoja. Majibu yalikuja siku hiyo na siku iliyofuata, ya Kihanga, ya Kaisho, ya kwingineko, na yote yalikuwa sawa. Hakuna aliyedanganya. Walikuwa wamefundishwa vizuri.

Gharib alifanya haki kuifuta, na wenzake walifanya haki kumtii. Picha ile ilikuwa na mkono wa uongo. Lakini uso ulikuwa wa Mwaja, na zaidi ya ile ya kitambulisho hakukuwa na nyingine. Ukutani kwa Gharib ipo picha ya baba yake na redio isiyokuwa yake. Ya mkewe haipo.